Picha za Nyamizi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni ile ya picha kupigwa leo na kuchukuliwa wiki ijayo, palikuwa na studio mjini Tabora ikiitwa Studio Pendeza. Mnaocheka, chekeni. Nyie mnajipiga picha mkila, mnajipiga mkiwa mmelala, kisha mnazifuta. Sisi picha ilikuwa safari. Mtu anaoga, anajipaka mafuta, anavaa nguo ya kutokea, na njiani hakubali kukaa wala kuegemea popote nguo isije ikajikunja. Loo, nazikumbuka siku hizo mpaka roho inaniuma.

Mwenye studio alikuwa Fundi Mrisho, mtu wa maneno mengi na maringo kidogo. Ukutani alitundika pazia lililochorwa ndege ya abiria, bawa moja fupi kuliko jingine, na ngazi ya kupandia. Unasimama penye ngazi, unashika ua la plastiki, basi umeshafika Ulaya. Na Fundi Mrisho alikuwa na mchezo wake. Anakwambia, "Nahesabu mpaka tatu. Nikifika tatu, cheka." Anaanza, "Moja... mbili..." Kacha! Keshapiga. Tatu yake haikuwahi kusikika mjini pale. Watu waligomba, "Fundi, sikuwa tayari!" Naye akijibu, "Ukishakuwa tayari huwi wewe tena." Wakinuna, wiki inayofuata wanakuja kuchukua picha zao, wanazitazama, wanaagiza nakala ya pili.

Sasa, katika mji huo alikuwepo mama mmoja, Mwanne, na binti yake wa pekee, Nyamizi. Kila Idd Mosi Mwanne alimpeleka mwanawe Studio Pendeza. Mama anakaa kwenye kiti, mtoto anasimama kando, mkono begani kwa mama. Moja, mbili, kacha! Mwaka unaofuata vivyo hivyo. Na unaofuata vivyo hivyo. Ndege ni ile ile, kiti ni kile kile, mtoto anarefuka.

Nyamizi alipokuwa darasa la tatu, Mwanne akashikwa na homa, akafariki. Mtoto akachukuliwa na mama yake mdogo, Sikudhani, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Idd ilipofika nyumba nzima ilikuwa inalia, hakuna aliyekumbuka hata pilau. Sikudhani akasimama, akafuta uso kwa khanga, akasema, "Dada hakuacha hata Idd moja. Na sisi hatuachi." Akamvika mtoto gauni la mwaka uliopita, lile lile, kalikunjua pindo, akamshika mkono wakaenda.

Walipofika studio, Fundi Mrisho akakiondoa kiti ili mtoto asimame katikati. Mtoto akasema, "Kiti kiache."

"Kiti kitupu kitaharibu picha, mwanangu."

"Kiache. Mama anakaa hapo."

Fundi Mrisho, mwenye maneno mengi yule, akainama. Akakirudisha kiti. Nyamizi akaweka mkono juu ya egemeo. Fundi akaanza, "Moja... mbili..." Hapo hapo mtoto akageuza macho kukitazama kiti. Kacha! Wiki iliyofuata Sikudhani akaichukua picha, akaigeuza, na nyuma akaandika kwa penseli: Nyamizi na mama yake.

Ngojeni kidogo. Mimi nikifika hapa huwa nameza mate kwanza.

Haya. Tangu mwaka huo kila Idd walikwenda, na kila Idd kiti kilikuwepo. Nyamizi akavunja ungo, Nyamizi akaenda sekondari, Nyamizi akamaliza chuo kikuu, na kiti kipo. Nyuma ya kila picha Sikudhani aliandika mstari mmoja. Nyamizi na mama yake, amekataa viatu. Nyamizi na mama yake, amefaulu, hataki kucheka. Rangi ya ile ndege ikapauka, mtoto akawa mwanamke.

Mwanamke huyo akawa na ugonjwa mmoja tu, kamera. Alipata kazi ya kufundisha sekondari kule Mpanda, mshahara wote unaishia kwenye mikanda ya picha. Alitaka kusomea upigaji picha, shahada ya pili, katika chuo kimoja cha sanaa Dar es Salaam. Jina la chuo nimelisahau na msinikumbushe. Chuo hicho kilikuwa na sharti jepesi: mwenye digrii anapokelewa, na asiye na digrii ila ameifanya kazi hiyo maisha yake, naye anapokelewa. Lakini nafasi inayolipiwa kila kitu ilikuwa moja tu kwa mwaka. Nyamizi aliomba mara ya kwanza, wakamkatalia. Akaomba mara ya pili, wakamkatalia. Akaapa, "Naomba mara hii, nikikosa naiuza kamera."

Picha za kuombea alikuwa ameziacha Tabora kwa Mama mdogo, juu ya kabati. Basi akapiga simu, na simu za Mpanda wakati ule zilikuwa za kupanda kichuguu kutafuta mtandao.

"Shikamoo Mamdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona unakatika?"

"Mamdogo, nitumie picha zangu kule chuoni. Ziko juu ya kabati."

"Picha zako?"

"Ndiyo, picha zangu. Uzipange vizu..." Ikakatika.

Sikudhani akapanda kwenye stuli. Juu ya kabati akakuta vitu viwili, bahasha na kopo la biskuti. Akafungua bahasha. Ndani mna mzee anayeshona viatu, wanawake wa stesheni, baiskeli imeegemea mlango. Akasema peke yake, "Hizi picha za watu. Chuo kinazitakia nini picha za watu?" Akafungua kopo. Ndani mna Nyamizi, Nyamizi, Nyamizi. "Eeh, hizi ndizo zake."

Mnacheka tena! Nani kati yenu angefanya vingine? Mtu akikwambia niletee picha yangu, unamletea nini, picha ya baiskeli?

Sikudhani akazitandika zote kitandani, akazipanga kutwa nzima. Hakuzipanga kwa miaka. Ile ya kiti kitupu cha kwanza akaiweka mbele kabisa, na za Mwanne akiwa hai akaziweka mwisho, ili anayezitazama aende, aende, na mwishoni amkute mama kakaa. Akazifunga, akazipeleka stendi, zikaondoka na basi la asubuhi.

Mwezi haukwisha, Nyamizi akaitwa kwenye usaili. Akaingia chumbani, akaona ukuta umejaa yeye. Yeye na pengo, yeye na sare ya shule, yeye na kiti.

Mkuu wa idara, Bi Lwanda, akainuka kumpa mkono. "Karibu. Tulipoziona picha zako hatukubishana. Nilipomkuta mama mwishoni nilitoka nje kulia. Nafasi tumekupa."

"Bibi, hizi si picha zangu."

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi si picha zako?"

"Ni zangu, lakini si zangu!" Akaangua kilio, akacheka, akalia tena, na ndipo akaeleza yote, hakuficha. Zile za kwenye bahasha zikaletwa baadaye, Bi Lwanda akazitazama kwa utulivu, akasema, "Ni nzuri. Wenye picha nzuri walikuwa wengi." Kisha akasema, "Nafasi nimempa mwenye picha hizi za ukutani. Nenda na wenzako mkaelewane mwenye picha ni nani. Baada ya Idd Mosi nitapiga simu, mnitajie jina moja."

Nyamizi akarudi Tabora. Fundi Mrisho akaitwa nyumbani. Kahawa ikamiminwa, haikunywewa.

Nyamizi akasema, "Nafasi ni yangu. Aliyeomba ni mimi, na nimeomba mpaka nimechoka. Sura ni yangu, msiba ni wangu. Nani alisema kiti kiachwe? Nilikuwa mtoto, na watu wazima wawili mlikuwepo, mmoja anakiondoa, mmoja anatazama. Bila kiti kile, hizo ni picha za Idd kama za nyumba yoyote. Picha ile niliipiga mimi, mkono tu ndio ulikuwa wa Fundi."

Fundi Mrisho akaruka. "Mkono tu! Wewe binti, huna adabu! Nafasi ni yangu. Kiti kinaweza kukaa hapo mwaka mzima kisiwe picha. Ningesubiri tatu, ungekuwa umeshajifuta machozi na kujitengeneza. Nilikukuta mbilini. Mimi watu huwakuta mbilini, hiyo ndiyo kazi yangu, na mji huu umenicheka kwa ajili hiyo maisha yangu yote. Mnajua kwamba nikiwa kijana nilipata nafasi ya kusoma kazi hii Nairobi? Baba akasema, nani atafungua studio? Nikabaki nafungua studio. Leo kila mtu ana kamera kwenye simu, nafungua mlango asubuhi na kuufunga jioni, hapajaingia mtu. Picha nimepiga mimi. Mpiga picha anayetafutwa ni nani tena?"

Sikudhani alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya khanga. Wenzake walidhani atawapatanisha, ndivyo alivyokuwa kawaida yake. Akasema, "Nafasi ni yangu."

Wakamtazama kwa mdomo wazi.

"Ndiyo, yangu. Siku ile nani aliinuka? Nyumba nzima inalia, na dada alikuwa dada yangu mimi. Fundi, wewe ulikuwa umekaa dukani kwako unangoja wateja. Nyamizi, wewe hukutaka hata kuvaa. Kila mwaka nimekupeleka, hata mwaka ule wa malaria nilikubeba mgongoni. Maneno ya nyuma ni yangu. Mpangilio ni wangu, na Bi Lwanda mwenyewe kakwambia alipomkuta Mwanne mwishoni alitoka nje kulia. Mmesema nilikosea. Nilikosea, sawa. Lakini bahasha yako ingekwenda, mwanangu, ungekataliwa mara ya tatu." Akaiachia pembe ya khanga. "Digrii ninayo, niliisoma jioni nikiwa nimekulaza. Hamjawahi kuniuliza mimi nilitaka kusoma nini. Hata mara moja."

"Mamdogo, kwani wewe unapenda picha?" Nyamizi akauliza.

"Unaona?" akasema Sikudhani.

Wakagombana jioni hiyo, wakagombana kesho yake. Nyamizi akasema, "Nitaiuza kamera, basi." Fundi akasema, "Iuze, na picha zangu unirudishie, filamu zote ninazo mimi." Sikudhani akasema, "Hakuna atakayegusa picha za kopo langu." Idd Mosi ikafika. Pilau ikapikwa, Nyamizi akaketi chumbani, Sikudhani akaketi ukumbini, na Fundi Mrisho akakaa studio na nguo mpya anatazama mlango. Hakuja mtu. Ikawa Idd ya kwanza bila picha tangu Nyamizi aanze kutembea. Mimi mwenyewe nilipita pale mchana ule, na sijapata kuona mtu mwenye maringo akiwa mnyonge kiasi kile.

Siku ya pili yake Fundi akashindwa kuvumilia, akaja kutoa mkono wa Idd. Akapokelewa, kwa sababu hakuna mtu anayemfukuza mgeni wa Idd. Wakakaa wote watatu ukumbini. Simu ikalia mezani. Nyamizi aliitazama, hakuigusa. Fundi Mrisho aliitazama, akatazama chini. Sikudhani akaichukua.

"Hamjambo hapo?" Ni Bi Lwanda. "Kalamu ninayo mkononi. Niambieni jina."

Sikudhani akamtazama mtoto aliyemlea, ambaye hakuwa na ndoto nyingine duniani. Akamtazama Fundi, mvi zimemjaa, ambaye alishanyimwa nafasi hii mara moja. Akajitazama mikono yake mwenyewe. Akavuta pumzi kusema.

Haya basi, msinitazame mimi, mimi kazi yangu imeishia hapa. Na asitokee mjanja wa kuniambia wote watatu, maana Bi Lwanda amesema jina moja, wala asiseme wapige kura, kila mmoja angejipigia. Aliyesema kiti kiachwe, aliyepiga mbilini, na aliyeandika nyuma: mwenye picha ni nani? Na wewe unayejitia kujua, kama ungekuwa wewe ndiye Sikudhani, simu iko mkononi, haki yako iko kifuani na hao wawili wanakutazama, ungetaja jina la nani?