Kiboko na Mruko wa Kiroboto

Hapo zamani za kale, na anayetaka kupiga chafya apige sasa, Kiboko alitaka kumfukuza Nguchiro kwenye nyumba yake ya kichuguu ukingoni mwa mto. Eti inamzibia njia ya malishoni! Maskini Nguchiro alikuwa na mke na watoto wanne, na masika yalikuwa yamekaribia.

Asubuhi moja baragumu likalia, puuu! Alikuwa Kasuku, mtangaza habari.

"Habari za utaalamu! Kiroboto huruka mara mia ya urefu wake! Basi Kiboko akiruka atavuka mto, atavuka na kilima, chai atainywa kijiji cha pili!"

Wanyama waliokusanyika wakapiga vigelegele! Kiboko akavimba kwa raha.

Nguchiro akamvuta Kasuku kando. "Ndugu yangu, huyo kiroboto ulimpima?"

"Kwa macho yangu haya!"

"Na Kiboko?"

"Aa, huyo nilizidisha tu."

Nguchiro akapanda juu ya kichuguu, akaangusha punje ya mtama. Tik! Ikadunda, nzima. Akaangusha boga. Pwaa! Mbegu zikamjaa Kasuku usoni.

"Umeona? Kikubwa hakifuati mwendo wa kidogo."

"Lo! Basi nikasahihishe habari!"

"Ngoja kwanza," akasema Nguchiro, huku akicheka chini kwa chini.

Akaenda kwa Kiboko. "Shikamoo, mzee! Mbele ya wote hawa, ukiruka mto ukavuka, nahama leo leo. Usipovuka, nyumba yangu usiiguse tena."

"Marahaba. Naapa! Wewe anza kufunga virago."

Kiboko akarudi nyuma, akatimua mbio, gudu gudu gudu! Akaruka. Sijui hata kama niite kuruka, maana hata sisimizi angepita chini yake kwa kuinama. Kisha, pwaaa! Tumbo topeni! Tope likamrukia kila mtu. Mke wa Nguchiro alicheka mpaka akakaa chini.

"Kasuku mwongo!" Kiboko akafoka.

"Kiroboto nilimpima, mzee. Wewe nilikukisia. Nisamehe."

Kiapo ni kiapo. Kiboko akajizamisha majini kwa aibu, akaacha pua tu, na masika yalipoanza watoto wa Nguchiro walilala pakavu.

Nanyi wanangu, kipimo cha kiroboto msimvishe kiboko.