Raihana na Mgeni wa Kizingitini

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kale, ambao jina lake wasimulizi wanaligombania mpaka leo, aliishi mja mwema aitwaye Raihana. Mumewe, Thuweni, alikuwa mwadhini wa msikiti mkuu. Sauti yake ilikuwa nzuri hata, wanavyosema wenye kusema, wanawake wengine walipanda darini kuisikiliza, huku wakisingizia kuanika nguo. Kisha kiharusi kikampiga. Nusu ya mwili ikafa, ulimi ukafungika, na miaka ikapita amelala pale pale kitandani.

Raihana alimwuguza peke yake. Alimgeuza asipate vidonda, alimlisha uji, alimwosha, alimtia udhu. Na wageni walikuja, maana kumzuru mgonjwa kuna thawabu, na watu wa mji ule walizipenda thawabu, hasa zile zinazopatikana kwa kukaa kitako. Wakikaa, yeye huwapikia kahawa. Wakiinuka, yeye huosha vikombe. Mlangoni, wakivaa viatu, humwuliza kama mgonjwa hajambo, naye hujibu hajambo, alhamdulillahi. Na yeye je? Sijambo. Basi wakaenda zao wakimsifu kwa subira yake, na sifa ile ikamkaa shingoni kama mzigo asiothubutu kuutua.

Alasiri moja, wageni wamekwisha kwenda, akaona mwanamke amekaa kizingitini. Hakupiga hodi. Alijitanda nguo nyeusi mpaka usoni, na kama mjuavyo, kizingitini hapakaliwi, hata mtoto hufukuzwa. Raihana akamkaribisha ndani, hakuingia. Akampa kahawa, hakuipokea. Hakumtazama mgonjwa hata kwa pembe ya jicho. Alisema tu, kwa sauti iliyofanana mno na sauti ya Raihana mwenyewe:

"Raihana, hujambo?"

"Sijambo."

"Basi nikichukua kidogo hutapungukiwa," akasema mgeni, akaondoka.

Raihana hakujua kilichochukuliwa mpaka buni zilipoungua kikaangoni, naye amesimama juu yake, asisikie harufu. Kesho yake mgeni akarudi, swali ni lile, jibu ni lile, na mara hii yalikwenda machozi. Akiinua mikono kuomba dua, jicho lilikuwa kavu kama kigae. Usingizi nao ukaenda. Kisha jua la jioni likimpiga mgongoni akaona ukutani kivuli cha mtungi ni kizito, na chake kando yake kimefifia kama moshi. Hakumwambia mtu. Angeanzaje, yeye anayetolewa mfano misikitini?

Siku moja akimnywesha Thuweni maji, yakampalia. Akakohoa, macho yakamtoka, na Raihana akabaki ameinamisha kikombe, anamtazama tu, kama mtu anayetazama maji yakimwagika mchangani. Akaitafuta huruma kifuani, asiikute. Mkono ndio uliosita wenyewe kwa mazoea, ukakiondoa kikombe.

Akageuka. Mgeni alikuwa keshakaa kizingitini, na mara hii miguu yake ilikuwa upande wa ndani.

"Raihana, hujambo?"

Neno lile lile likaja ulimini. Hapo Thuweni, kwa mkono wake mmoja uliokuwa hai, akashika upindo wa nguo ya mkewe, akauvuta. Raihana akamtazama, akaona anamwogopa. Mumewe anamwogopa. Akajua kwamba akijibu kama jana, kitakachochukuliwa leo ni kile kilichousitisha mkono.

"Nina jambo," akasema.

Mgeni hakutikisika. "Sikusikia."

"Nina jambo. Nimechoka. Namwomba Mola amchukue, kisha namwomba asinisikie. Nina jambo kubwa."

Mgeni akainuka. "Basi hapa sina changu," akasema, na sauti haikuwa tena ya Raihana, ilikuwa ya kizee na ya mbali. Akatoka. Vumbi la uani halikuwa na unyayo hata mmoja.

Asubuhi wageni wakaja, na kati yao Bi Shufaa, mke wa imamu, ambaye habari haikuwahi kulala kwake hata usiku mmoja. Wakanywa, wakainuka, wakauliza mgonjwa hajambo.

"Yeye hajambo," akasema Raihana. "Mimi nina jambo."

Bibi mmoja akaanza kumkumbusha fadhila za subira. Bi Shufaa akamkata: "Wewe nyamaza. Hiyo kahawa unayoicheua umepikiwa na mtu anayeanguka." Kisha akamgeukia Raihana. "Mwanangu, mbona hukutwambia siku zote?"

"Mlikuwa mkiniuliza mmeshavaa viatu, Bi mkubwa."

Bi Shufaa akavivua vyake. Akajifunga nguo kiunoni, akaingia jikoni, na kabla ya adhuhuri mji mzima ulikwishajua, maana siku ile ulimi wake ulikuwa ibada. Wanaume wakapangiana zamu za kumgeuza na kumwosha mwadhini wao. Wanawake wakagawana kupika na kufua. Raihana akaambiwa alale, akalala. Kilichomwamsha ni harufu ya buni zinazoungua, kwa kuwa Bi Shufaa alikuwa dirishani akizungumza na jirani, amesahau kikaango. Raihana akaivuta harufu ile, akalia mpaka mto ukalowa.

Thuweni hakupona, maradhi yake yalikuwa ya kukaa nayo. Aliishi miaka mingi baadaye, na wanasema hakuna aliyemwona tena akimwogopa mkewe.

Kuhusu mgeni yule, wengine husema ni shetani, wengine husema ni malaika aliyetumwa kumfundisha. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi. Mola alituusia tuvumilie, wala hakutuamuru tuongope. Basi mkienda kumtazama mgonjwa, mwulizeni anayemwuguza kabla hamjavaa viatu. Nawe uliye na mgonjwa ndani, ukimaliza kusoma haya tazama kivuli chako ukutani, halafu ndipo ujibu: hujambo?