Makala ya Urithi

Hapo zamani, na msinicheke, maana zamani yangu ni ya mwaka juzi tu, palikuwa na chuo cha uuguzi huko milimani kwenye migomba na mvua. Maktaba ya chuo ilikuwa na hifadhidata: unaingia kwenye kompyuta, unapata makala za utafiti za dunia nzima. Lakini mtandao wake, ole wako! Unabonyeza, unakwenda kula, unarudi, bado inazunguka. Basi wanafunzi wakazua desturi. Anayehitimu humwachia mdogo wake flashi iliyojaa makala alizopakua. Wakaiita urithi.

Ambakisye alipohitimu alimwachia Atupele. "Mdogo wangu, usihangaike na maktaba. Kila kitu kimo humu."

Mwalimu akatoa kazi: tafuteni katika hifadhidata makala kuhusu dozi ya dawa ya degedege kwa watoto. Wenzake wakapanga foleni maktaba. Atupele akachomeka flashi, akanukuu, akapata alama za juu. Moyoni alijua hakutafuta chochote. Akajinyamazia.

Kumbe makala ile ilikuwa imeshabatilishwa! Waandishi wenyewe walikiri kwamba dozi waliikosea, na kwenye hifadhidata likawekwa onyo jekundu. Bwana Lusekelo, mkutubi, aliliona. Akaandika tangazo, akalibandika mlangoni mwa maktaba, akarudi kwenye chai yake. Nani apite mlango ule, na urithi anao mfukoni?

Zikaja mvua, ikaja malaria. Atupele alikuwa wodini kwa mafunzo, Ambakisye ndiye muuguzi wa zamu, daktari hayupo. Mama mmoja, Sekela, akaingia mbio na mwanawe amekakamaa.

"Atupele, dozi! Ile makala inasemaje?"

Atupele akasoma kwenye simu, alikokuwa ameihamishia makala kutoka kwenye flashi. Ambakisye akachoma sindano. Degedege likatulia, na mtoto naye akaacha kupumua. Jamani! Alikuwa na meno mawili tu.

Ukweli ulipojulikana, Sekela alipanda hadi chuoni. Wakaitwa wote watatu: Ambakisye, Atupele na Lusekelo.

"Sitaki mbuzi wenu wala bahasha," akasema. "Nataka mmoja aje msibani, akae mbele yangu, aseme: mimi ndiye niliyemuua mwanao. Mmoja! Mkija wote mtagawana dhambi hii kama ugali, kila mtu na katonge kake."

Ambakisye akasema, "Mimi nilipoipakua haikuwa na onyo. Nilimsaidia mwenzangu, basi."

"Na mkono uliochoma sindano ni wa nani?" akauliza Lusekelo. "Mimi nilitangaza. Mlitaka niwafuate mabwenini?"

"Ulijua peke yako kwamba inaua," Atupele akamjibu kwa ukali, "ukaridhika na karatasi ya mlangoni! Mimi ni mwanafunzi. Nilisoma nilichoulizwa."

Lakini angeliandika jina la makala ile kwenye hifadhidata mara moja tu, hata kwa mtandao ule wa kinyonga, onyo lingelimtazama usoni. Alilijua hilo, na lilimla.

Sekela hakubishana nao. Alijifunga kanga upya, maziwa yakimlowesha blauzi kifuani, maana mwili wake ulikuwa haujaambiwa kwamba mtoto hayupo.

"Nangoja," akasema.

Watatu wakainamisha vichwa. Haya, nyinyi mlioketi hapa na simu zenu mikononi, msinitazame mimi. Je, nani alistahili kuinuka amfuate?