Meno ya Waziri na Maji ya Malimau

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, kwa kuwa simu zilikwisha kuwako na zilikwisha kuharibika, alikuwako Sultani Zaharani aliyependa dhahabu kuliko usingizi. Akaambiwa kwamba ndani ya kila simu mbovu mna dhahabu kidogo. Basi! Simu na kompyuta mbovu zikarundikwa mpaka zikapita ukuta wa kasri, na Waziri Nofli akafungua karakana ya kuziyeyusha kwa tindikali. Maji machafu yakamwagwa mferejini, yakaingia kisima cha Mtaa wa Mfenesini. Watoto wakatoka vidonda vinywani. Watu walipolalamika, Waziri akaapa barazani kwamba maji yale hayadhuru hata sisimizi.

Mtaani hapo aliishi Bi Mize, mwokota vyuma chakavu, fukara wa kutupwa, ila ulimi anao. Mjukuu wake Bahiya alikuwa hali wala hanywi kwa vidonda, na Mize roho ilimuuma vibaya. Yeye vipande vya simu aliviloweka katika malimau, siki na chumvi. Shaba ikaliwa polepole, dhahabu ikabaki inaelea kama maganda ya vitunguu. Ikawa siku moja akaenda kasrini.

"Maulana, funga karakana. Dhahabu nitakutolea mimi, kwa maji yasiyomchubua mtu."

Waziri akacheka, meno yake ya dhahabu yote nje. "Kachumbari hiyo, Maulana!"

Sultani akanena, "Nakupa siku saba. Niletee kikombe kilichojaa dhahabu. Kikipungua, karakana itaendelea, nawe utahama mji."

"Labeka, Maulana. Lakini matajiri wataficha simu zao. Nipe hati."

Ikaandikwa, ikapigwa mhuri: Chochote chenye dhahabu, kisichofanya kazi, ni taka, Mize akichukue popote kilipo, akiloweke.

Kikombe kizima, jamani! Kwa siku sita Mize aliloweka mpaka vidole vikakunjamana, na dhahabu ikafunika kitako cha kikombe tu.

Siku ya saba akaingia barazani na wachukuzi wanne na mapipa mawili.

"Kikombe kimejaa?" akauliza Sultani.

"Bado, Maulana. Nimefuata iliyobaki." Akaisoma hati kwa sauti, kisha akamshika Waziri mkono. "Huyu hapa. Ana dhahabu mdomoni, na tangu ateuliwe hajafanya kazi hata siku moja. Nataka kumloweka."

"Maulana, mwanamke huyu ana wazimu!" Waziri akapiga kelele.

Sultani akautazama mhuri. Ni wake, na kuukana mbele ya watu ni aibu. "Hati ni hati," akasema, akijibana asicheke.

"Wala simlazimishi pipa," akasema Mize. "Hili ni la malimau, litachukua siku tatu. Na hili nimelichota mferejini kwako, bwana Waziri, ni maji yale yale uliyoyaapia. Hili litawahi zaidi. Haya, chagua."

Waziri akaliendea pipa la malimau mbio, akalikumbatia kilemba kikimwanguka. "La malimau, Maulana! La malimau! Lile litaniua!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mize hakucheka.

"Mjukuu wangu hakuambiwa achague," akasema.

Basi kicheko kikakatika, na Sultani akainamisha uso, kwa kuwa dhahabu ile yote ilikuwa sandukuni mwake naye hakuwahi kuuliza. Akaamuru karakana ifungwe siku ile ile, na simu zote mbovu apewe Mize. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na Waziri, wamtakaje?"

"Mpe sururu, Maulana, atuchimbie kisima kipya. Akifanya kazi, hati haimgusi."

Loo, alichimba! Kila Mize alipopita na ndoo ya malimau kumkagua, sururu ilizidi kasi. Mwezi haujaisha, maji yakatoka. Bahiya ndiye aliyetekewa kwanza. Akamaliza kata nzima mbele ya Sultani, akaomba nyingine.