Chungu Chekundu cha Mama Mkwe

Wapendwa, mfano huu msiutafute kwa mhubiri mwingine, hamtaupata. Wenzangu wana vyeti. Mimi shule niliiona mgongo tu. Lakini kwa mifano, nani ananifikia?

Kulikuwa na mke mmoja, bado mgeni wa ndoa, aliyekabidhiwa chungu cha chuma kizito, nje chekundu, ndani kimepakwa kauri nyeupe kama jino. Katika ukoo ule humo ndimo ulimopikwa wali wa baba mwenye nyumba. Mama mkwe akamwonya, "Mwanangu, ukoko wa humu uloweke. Usiukwangue kwa kijiko cha chuma. Siku moja nitakuja kukiangalia."

Ukoko! Nani kati yetu ana subira na ukoko? Akakwangua. Kipande cheupe kikabanduka. Kulipokucha, ndani ya chungu, pale kilipobanduka, kulikuwa na doa la kutu, kama jicho lililoamka.

Akalisugua kwa limau na majivu, likatoka. Lakini akakifunika chungu kikiwa na unyevu. Jicho likafumbuka tena, kubwa zaidi. Na mchana kweupe, nyumba kimya, akasikia ndani ya chungu kilichofunikwa: krr... krr... kama mtu anakwangua ukoko. Akafunua. Hamna mtu. Jicho tu, linamtazama.

Aliogopa kutu? Wapi! Aliogopa kuambiwa hafai kuwa mke. Akanunua rangi nyeupe ya madirisha, akapaka. Jicho likafumba. Akaendelea kupika.

Kisha mumewe akaanza kushika tumbo. Mama mkwe akaja, akamkuta mwanawe kitandani anaugulia.

"Ndilo tumbo la ukoo wetu," akasema. "Lilimchukua baba yake, na babu yake. Kuna mtu ametuloga."

Mke akaleta chungu. "Mama, mchawi ni mimi. Nilikwangua, nikapaka rangi humu. Nifukuze ukitaka, lakini asile tena." Akashika kisu, akabandua rangi yake. Kando ya kutu, chini yake, rangi nyingine, ya maziwa.

"Hii si yangu, mama."

Mama mkwe akaketi chini. "Hiyo ni yangu."

Kisu kikaendelea. Rangi ya kijivu.

"Na hii je?"

"Nilikipokea kwa mama mkwe wangu," akanong'ona. "Naye alinikataza kukwangua ukoko."

Chumbani mgonjwa akaita, "Mama, wali bado?"

Ee, wapendwa! Kutu yenyewe ilitaka limau, kitambaa kikavu na tone la mafuta. Iliyoua ni rangi. Sasa sisi: ile pombe ya babu, ile ngumi ya baba, ambazo tuliambiwa "ya nyumbani hayatoki nje", tumezipaka rangi mara ngapi? Tunahangaika kumtafuta aliyetuloga, na mwiko tumeushika wenyewe. Leo ukifika nyumbani, kwangua. Ukikuta rangi ya mama yako chini ya yako, usimtukane. Mwite mkae, mkwangue pamoja. Ila fanyeni haraka, wapendwa. Kuna mtu chumbani ana njaa.