Farasi Aliyezoea Chapati

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mjane, nyumba yake ya mwisho kabisa kijijini, ukitoka mlangoni tu unakanyaga mchanga wa bahari. Ufukweni kwake waliishi farasi wa mwituni, wasio na mwenyewe. Walikula majani magumu yanayoota kando ya maji ya chumvi, na wakishikwa na kiu walichimba mchanga kwa kwato mpaka maji yatoke.

Mama huyu alimpenda farasi jike mmoja mwekundu, mwenye mimba. Na mnatujua sisi watu wa pwani: mgeni akifika mlangoni haondoki bila kutia kitu kinywani. Basi farasi akipita, mama anamkatia chapati. Leo chapati, kesho kiporo cha ugali. Farasi naye hakujivunga, akahamia mlangoni! Majani akayasusa.

Askari wa wanyamapori akaja.

"Shikamoo, mama. Nakuomba usimlishe huyu."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nimwache ale yale majani? Hata mbuzi wangu hawayataki!"

"Ndiyo chakula chake, mama. Tumbo lake halikuumbiwa chapati."

Mama akacheka. Vijana wa siku hizi wana roho ngumu, akawaza, na chapati akakata.

Wiki ile haikuisha. Farasi alianguka uani, tumbo limemjaa, jasho linamtiririka, anajigaragaza. Askari akamwinua, akamtembeza ufukweni kutwa nzima, huku na huku, na mama nyuma yao analia: "Nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe!" Jua lilipopoa, farasi akapata nafuu.

"Safari hii amepona yeye na mtoto wake," askari akasema. "Akirudi, mama, usimfungulie."

Akarudi, angeacha? Akagonga mlango kwa kwato. Ndani, mama ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni, mdomo ameuziba kwa khanga asisikike anavyolia. "Nenda, mwanangu," ananong'ona. "Nenda ukale."

Aligonga asubuhi nyingi. Mwishowe njaa ikamrudisha kwenye majani yake. Mvua zilipokatika, mama akamwona kwa mbali, amenenepa, anakula, na ubavuni mwake mtoto wa miguu mirefu anayumbayumba. Farasi hakugeuka hata kumtazama. Mama akapiga vigelegele peke yake pale mlangoni.

Sasa naona akina mama mnafuta machozi. Kila mmoja amejiona ndiye yule mjane, siyo? Hapana, ndugu zangu. Sisi ndio yule farasi.

Nani humu ndani hajagonga? Ile kazi. Ile ndoa uliyoiombea kwa kufunga na kulia. Uligonga, ukagonga tena, kimya. Ukarudi nyumbani umenuna, ukasema Mungu ana roho ngumu, na wengine hapa bado mmenuna mpaka leo, nawaona. Nami nawauliza jambo moja tu: mmewahi kufikiri ni nani aliyeketi upande wa pili wa mlango ule, mgongo ameuegemeza, anawalilia?