Herufi Zilizokaliwa Matanga

Hapo zamani, kwenye milima ya Usambara, palikuwa na kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu. Herufi zake zilitoka ng'ambo, nyembamba kama nyuzi, na wazee walizisoma machozi yakiwatoka.

Mhunzi Shemndolwa akasema, "Nitachonga zetu."

Akachonga kila herufi kwenye ncha ya chuma, akaigonga kwenye shaba, akamimina humo madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Kila moja aliipa vijiguu, vistari vidogo miguuni pake, ipate kusimama imara mstarini. Wazee wakasoma bila taabu. Mhunzi mwenyewe akafa kipofu, macho yameishia kwenye kazi ile.

Vita vikaja. Askari wakapita wakikusanya madini yote ya risasi yakayeyushwe kuwa risasi za bunduki. Nakiete, mpangaji wa herufi pale kiwandani, alikuwa na mume vitani. Akachimba kaburi, akazika kasha la herufi, akakaa matanga.

"Kaburi la nani hili, mama?" askari wakauliza.

"La mume wangu."

Wakampa pole, wakaenda zao. Lakini mume hakurudi tena. Wakwe wakamwambia, "Ulimzika angali hai." Wakamtenga.

Miaka ikapita, kompyuta zikafika. Nakiete, sasa bibi kizee, akamwita mchoraji aitwaye Zubeda, wakafukua kasha. Udongo ulikuwa umezitafuna herufi. Zubeda akaacha kazi yake, akatafuta kurasa kuukuu zilizochapwa kwa herufi zile, akazichora upya moja moja kwenye kompyuta, akipunguza pale wino ulipoenea nje ya herufi. Zilizopotea kabisa alizibuni kwa kuzitazama zilizobaki, kama unavyomtambua mtoto kwa kuwaona nduguze.

Vitabu vya shule vikachapwa kwa herufi zile. Watu wakavishika, wakapitisha vidole kwenye kurasa, wakausifu uzuri wake. Kisha wakakutana wazipe herufi jina la mtu mmoja.

Mhina, mwana wa mhunzi, akasema, "Bila baba yangu, mngezika nini? Mngechora nini? Alizitolea macho yake."

Nakiete akasema, "Baba yako namheshimu, mwanangu. Ila kazi yake ingeyeyushwa ikaue watu. Mimi niliitolea ukoo wangu."

Zubeda akainama. "Shikamoo zangu kwenu nyote. Lakini tulichofukua hakikuweza kuchapa hata neno. Na hizo nilizozibuni, Mzee Shemndolwa hakuziona, wala Bibi hakuzizika."

Wote walisema kweli, na jina ni moja tu. Haya, mliokaa hapa, semeni: mngeziita herufi zile kwa jina la nani?